Mshumaa wa Feni

Vumbi liliamka kabla ya watu.

Lilisimama katikati ya ukumbi, ndani ya ule mwanga unaoingia kwa dirisha la juu, dirisha lililovunjika kioo zamani na asitokee mtu wa kukirudisha. Halikuwa na safari. Lilipanda, likashuka, likageuka, likapanda tena, kama wageni waliofika kwenye sherehe wakakuta muziki haujaanza, sasa wanaona aibu kukaa.

Springi alilitazama akiwa mlangoni, mkoba begani, raba mpya miguuni, hasira asubuhi asubuhi.

Hasira, ndiyo. Mwanamke wa makamo, fundi cherehani mwenye duka lake na wateja wake wa kumsumbua, mama wa binti aliyemaliza chuo, anasimama mlangoni pa ukumbi mbovu na moyo unamchemka kama sufuria iliyofunikwa. Na kisa ni staili. Staili moja ya dansi. Usicheke. Au cheka kidogo, mwenyewe huwa anacheka. Ukimaliza, sogea huku.

Leo sakafu inang'olewa.

Seremala alikuwa ameshafika na mtaimbo wake, amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Ukumbi unageuzwa stoo ya vigae. Vigae vinataka saruji chini, havitaki mbao.

"Mama, nimekupa mpaka saa nne," alisema. "Ikipiga saa nne naanza kung'oa mbao zangu."

"Mbao zako?"

"Si nimeambiwa nikishang'oa nizichukue?"

"Utazichukua. Lakini mpaka saa nne ni zangu."

Seremala akatazama chai yake. Kuna wanawake ambao mtu habishani nao kabla hajashiba.

*

Ah, ile sakafu.

Wapo watu waliolelewa na bibi zao. Springi na wenzake walilelewa na sakafu. Kila Jumapili mchana mlinzi wa ukumbi aliwafungulia kwa sharti moja tu, wafagie, basi wakafagia kuingia na wakafagia kutoka, mpaka mama zao wakawa wanauliza mbona nyumbani ufagio unawashinda. Walijiita Soli Moto. Soli zenyewe zilikuwa na matundu, moto uliingilia huko huko.

Alikuwepo Sabuni, aliyeteleza hata pakavu. Alikuwepo Bawaba, ambaye magoti yake yalikunjika upande ambao Mungu hakuukusudia. Alikuwepo Feni, mkubwa wao, aliyezunguka juu ya mgongo mpaka walio karibu wakahisi upepo. Na alikuwepo Springi, msichana peke yake, aliyeshona suruali za wote kwa vitambaa vya mabaki, pana chini, zimebana kiunoni, na walipozunguka suruali zilisema: fwaa, fwaa, fwaa.

Sakafu waliipaka poda. Poda ya mtoto, inyunyizwe, isambazwe kwa kiganja, mpaka mbao ziwe kama barafu na ukumbi mzima unukie kichanga kilichotoka kuoga. Mama yake Springi alikuwa na kichanga kweli siku hizo, na kila Jumapili jioni alitikisa kopo sikioni. "Hivi huyu mtoto anaogeshwa mara ngapi? Poda imeisha, na yeye bado ananuka maziwa!"

Walicheza kwa redio ya kaseti. Na redio ilikula betri, na betri zilikuwa chache kuliko nyimbo. Zikichoka walizianika juani juu ya bati. Zikikataa jua, walizibana kwa meno. Zilirudi na nguvu ya uongo, nguvu ya mgonjwa anayetaka kuonekana amepona, zikapigwa nyimbo mbili tatu, kisha sauti ikaanza kushuka. Mwimbaji aliyeanza kama shangazi aliendelea kama mjomba, akamalizia kama ng'ombe dume. Na wao hawakusimama! Watu wengine wangezima. Soli Moto walishuka na sauti. Wimbo ukivuta miguu, nao wakavuta miguu, wimbo ukiwa mzito kama uji nao wakawa wazito kama uji, mpaka kaseti ikakata roho na wao wamesimama kama picha, mguu mmoja juu, wanatetemeka, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuushusha.

Huko ndiko Mshumaa ulikozaliwa.

Feni alikuwa hewani, anarudi chini, na betri zikachoka katikati ya kuanguka kwake. Mtu mwingine angeanguka. Feni aliyeyuka. Bega kwanza, kisha kiuno, kisha goti, kama nta inavyoshuka ubavuni, polepole, polepole, mpaka akabakiza shibiri moja kufika chini, na hapo akakaa, hajalala wala hajasimama, anapumua. Sabuni kwa hasira akaipiga redio ngumi. Betri zikashtuka. Wimbo ukaruka, na Feni akaruka nao, wima, ghafla, kama utambi ulioshika moto upya.

Hakuna aliyepiga makofi. Walisahau kama wana mikono.

*

Sasa sikiliza sheria yao, maana bila sheria hii hasira ya Springi utaiona ya bure.

Makundi mengine yalikuwa yanachungulia. Jumapili unacheza kitu chako, Jumapili inayofuata unakikuta mtaa wa pili, kimevaa shati jingine. Kwa hiyo Soli Moto wakaapa, na wao wenyewe kwa wenyewe wakaishi hivyo: kila staili ina mwenyewe. Huichezi mbele za watu mpaka mwenyewe akupe. Na kupewa ni hivi: mwenye staili anasimama na wewe bega kwa bega, mnaicheza pamoja mara moja, halafu anakugeuzia mgongo. Anakuachia. Haangalii tena. Kuanzia hapo ni yako na yeye.

Staili haiibwi. Staili hupewa.

Sabuni alimpa Bawaba ya kwake. Bawaba alimpa Springi mbili, na ya tatu akaongeza kwa ajili ya pindo la suruali. Feni alikuwa na mkono wazi kuliko wote, aligawa kama mtu mwenye shamba. Kila mmoja alipata. Springi alipata ahadi.

"Mshumaa nitakupa wewe," alimwambia. "Wewe peke yako unauweza. Ila subiri kidogo, dada. Ule una uzito wake. Ukianguka, mama yako atanijia na mwiko."

Springi akasubiri kidogo.

Kidogo kikakua. Feni akapata kazi ya utingo kwenye lori la saruji, akaondoka amekaa juu ya mifuko, anapunga mkono, mweupe mwili mzima kama aliyepakwa poda kwa mara ya mwisho. Sabuni akaoa. Bawaba akaajiriwa mahali panapotaka soksi. Redio ikauzwa. Suruali zikakatwa, zikawa matambara, na matambara yakafuta madirisha ya watu ambao hawakujua wanafuta madirisha kwa kitu gani.

Na Springi, ambaye aliuona Mshumaa kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka pembeni, Springi ambaye mwili wake uliujua kama ulimi unavyolijua pengo, hakuucheza.

Aliufanyia mazoezi, hilo hakatai. Chini ya cherehani, kwenye pedeli, kisigino na vidole, kisigino na vidole, sketi za shule za mji mzima zimeshonwa kwa mapigo ya Mshumaa. Jikoni alishuka bega, akashuka kiuno, na mumewe akiingia anajikuta anaulizwa chumvi iko wapi na mtu aliyechuchumaa nusu. Lakini mbele za watu? Hata siku moja. Kwenye harusi ya mpwa wake muziki ulikuja wenyewe, watu wakamzunguka, wakampigia vigelegele, goti likaanza kushuka lenyewe, na akalikamata njiani. Akainama. Akajifanya anatafuta hereni. Wakwe wakaacha kucheza, wakainama wote kumsaidia kutafuta hereni iliyokuwa sikioni.

"Mama," binti yake alimwambia siku ile ndani ya gari, "kwani ungecheza ingekuwaje? Angekukamata nani? Polisi wa dansi?"

"Wewe huelewi."

"Sielewi kweli. Mwenyewe hata hujui aliko."

"Namba yake ninayo."

"Umempigia?"

Springi akatazama nje. Kuna maswali ambayo mtoto hatakiwi kumuuliza mama yake akiwa amefunga mkanda na hana pa kwenda.

Staili haiibwi. Staili hupewa. Lakini mbona aliyeahidiwa hapewi?

*

Aliposikia habari ya vigae, alifungua kundi kwenye simu. Akaliita Soli Moto, akaweka picha ya kaseti, akaandika: Jamani, sakafu yetu inang'olewa Jumamosi. Tukutane asubuhi, tucheze mara moja ya mwisho.

Sabuni akatuma picha ya maua yameandikwa asubuhi njema. Ilikuwa jioni.

Bawaba akaandika kwamba goti limefanyiwa upasuaji na daktari amekataza ngazi, lakini atawaombea.

Sabuni akatuma tangazo la unga anaouza, unasafisha figo. Halafu akatoka kwenye kundi kwa bahati mbaya. Akarudishwa. Akatoka tena. Aliyekuwa hashikiki bado hashikiki.

Hawa ndio walioapa! Hawa ndio waliosema mpaka kufa! Springi alikaa na simu kiganjani, akaitazama ile kaseti ndogo ya picha, akatamani kuibana kwa meno labda itapata nguvu.

Kisha Feni akaandika: Nakuja dadangu.

*

Alikuja saa nne kasorobo, kwenye gari lenye kibao juu: ana shule ya udereva siku hizi. Tumbo limemtangulia, nywele zimebaki nyuma. Alishuka kwa awamu.

"Springi! Mungu wangu! Hujabadilika hata kidogo!"

"Muongo. Ingia, muda umekwisha."

Akaingia. Akatazama juu, akatazama kuta, akacheka kwa pua. "Ukumbi umekuwa mdogo hivi? Au sisi tulikuwa wadogo?"

"Feni, nimekuita kwa jambo moja. Unipe Mshumaa."

Uso wa Feni ukawa kama wa mtu aliyekabidhiwa mtoto akaambiwa ni wako.

"Mshumaa," alisema.

"Mshumaa."

"Ule wa kuzunguka na mgongo?"

"Ile ilikuwa feni yako, ndiyo iliyokupa jina. Mshumaa ni ule wa kuyeyuka."

"Kuyeyuka..." Alitazama viatu vyake kama vingemwambia. "Dada yangu, nisikudanganye. Nakumbuka njaa. Nakumbuka lile kopo la poda. Nakumbuka tulivyocheka mpaka Bawaba akajikojolea, na leo anasimamia maombi ya watu. Lakini staili... zilikuwa nyingi."

"Ilikuwa moja."

"Na wewe umeingoja miaka yote hii?" Akasema kwa upole, kwa mshangao, bila ubaya wowote. "Sasa si ungecheza tu?"

Si ungecheza tu.

Enyi mliowahi kutunza kitu cha mtu, mkakifuta vumbi, mkakificha mvua, mkakataa kukitumia hata siku mlipokihitaji, halafu mwenyewe akaja akauliza hiki ni nini: njooni mumshike huyu mama mkono. Si ungecheza tu! Kwenye harusi ya mpwa wake angecheza tu. Siku alipofungua duka, watu wamejaa barazani, angecheza tu. Siku binti alipovaa joho, angecheza tu, magoti yakiwa bado magoti. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na yeye nje, mstaarabu, anabisha hodi.

"Basi chukua," Feni akasema, akipunga mkono kama anayekupisha kwenye foleni. "Nimekupa. Chukua wote."

"Hapana."

"Si umetaka nikupe?"

"Huwezi kunipa kitu ambacho huna!" Sauti yake iligonga bati ikarudi. "Simama hapa. Nakufundisha. Ukishaujua, ndipo unipe."

Seremala akashusha kifuniko chake cha chai. "Samahani, mama. Unamfundisha halafu yeye ndiye anakupa?"

"Ndiyo."

"Lakini si tayari unao?"

"Wewe hesabu misumari yako."

*

Alifungua wimbo kwenye simu, akaiweka jukwaani. Wimbo wenyewe, ule ule, umesafishwa, hauna mkwaruzo, unang'aa kama meno ya bandia.

"Bega," alisema. "Bega linatangulia. Halafu kiuno, taratibu, kama unavyowaambia wanafunzi wako waachie klachi."

Feni akaachia klachi. Akazima katikati.

"Tena. Unashuka na wimbo."

"Wimbo haushuki, Springi."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimuuma kuliko kusahau kwake. Wimbo haukushuka. Ulikwenda mbele umenyooka, haujui njaa, haujui jua juu ya bati. Simu haichoki polepole. Simu inakuwa nzima, nzima, nzima, halafu inazima. Katikati hakuna kitu, na wao waliishi katikati hapo.

Seremala akajitolea, akashika simu, akapunguza.

"Hiyo ni kupunguza sauti!" Springi alimfokea. "Siyo kuchoka!"

"Sasa kuchoka nikutolee wapi?"

Ikabidi azime simu, aimbe mwenyewe. Akaanza juu kama shangazi, akashuka kama mjomba, Feni naye akashuka, bega, kiuno, akafika kwenye goti, na goti likakataa kwenda na likakataa kurudi. Akabaki pale amepinda kama msumari uliopigwa vibaya. Seremala na Springi wakamshika huku na huku, wakamnyanyua, wote watatu wanahema.

Mara ya pili alidondoka kama gunia. Mara ya tatu alishuka nusu, akaona inatosha, akaipamba kwa kuzungusha vidole hewani, vile wanaume wa umri wake wanavyomaliza dansi kwenye harusi, na akatabasamu.

Akatabasamu!

"Siyo hivyo!" Springi akapiga mguu chini. "Siyo hivyo, Feni, siyo hivyo kabisa, hukuwahi kutabasamu, uliogopa, sote tuliogopa, ulikuwa unaanguka! Tazama! Tazama hapa!"

Na akaruka, anaimba.

Aliruka si juu sana, umri ni umri, lakini aliruka akiwa amekasirika na hasira ina springi zake, na akiwa hewani akaacha kuimba kwa haraka, akaiachia sauti ichoke, ichoke, ishuke, na bega likashuka nayo, na kiuno kikafuata bega, na goti, lile goti la jikoni, lile goti la pedeli, lile goti la hereni, likakunjika polepole kama linafikiria, nta ubavuni, nta ubavuni, mpaka sauti ikawa ngurumo tu kifuani na yeye amebakiza shibiri moja, hajalala, hajasimama, mbao zinanuka karibu na shavu lake. Hapo akakaa. Kitu kikauma ndani ya goti, akakiacha kiendelee kuuma. Kisha akajipiga ngumi pajani na akaruka wima, na sauti ikaruka naye, kali, ya kisichana, ikajaa ukumbi.

"Hivyo," alisema, anatweta. "Ndivyo ulivyo. Umeona?"

Mdomo wa Feni ulikuwa wazi kidogo, na macho yake yalikuwa yamerudi kwenye Jumapili zile.

"Nimeona," alisema. "Ndiyo huo. Sabuni aliipiga redio." Akameza mate. "Lakini, Springi. Nilikuwa bado sijakupa."

Hapo ndipo Springi naye alipojua.

Ameucheza. Mbele za watu: mmoja mwenyewe, mmoja seremala. Mchana kweupe. Hakupewa. Si kwa furaha, si kwa vigelegele, bali kwa kugomba, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi mzito jinsi ya kutia uzi kwenye sindano. Siku aliyoipangia nguo na machozi ilikuja ikampita akiwa anamfokea mtu.

Na hasira haikuisha. Ungedhani ingeisha, hata yeye alidhani. Iligeuka tu na kumtazama upya, hasira ya mpwa, hasira ya duka, hasira ya joho, zote zimepanga mstari, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Feni tena.

"Nikupe sasa?" Feni akauliza, akisogea begani kwake, mnyenyekevu kama utingo siku ya kwanza. "Tuucheze pamoja mara moja, halafu nigeuke. Nadhani bega nimelielewa."

"Ukitaka kugeuka, geuka," Springi alisema. "Mimi siwezi kungoja goti lako."

Seremala alisimama, akajikung'uta suruali, akachukua mtaimbo. Saa nne ilikuwa imepita na mtu mzima anaweza kuvumilia kiasi. Alipiga magoti pale kwenye ubao wa katikati, akapapasa, akafumba macho, akapiga chafya.

"Mama, sasa umefanya nini? Vumbi jingi mno. Hata msumari sioni."

Springi akatazama.

Lilikuwa limetoka kwenye nyufa za mbao, jeupe, laini, la zamani, lililolala humo tangu siku za kopo, limetimuliwa na raba zake mpya na sasa linapanda kwa fujo ndani ya ule mwanga. Hakuna aibu tena, hakuna kungojana. Lilijaa dirishani, lilijaa nyweleni pa Feni pasipo na nywele, lilimfunika seremala na mtaimbo wake mpaka vikawa kivuli tu kinachopiga chafya. Na lilinukia. Baada ya yote yale, lilinukia mtoto aliyetoka kuoga.

"Litatulia," seremala alisema. "Nangoja litulie, halafu nang'oa."

"Ngoja," alisema Springi, akavuta pumzi, akainua bega, na akaanza tena kabla halijatulia.